Kula na kuzurura na wenyeji katika miji ya China: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wetu wengi wanaokwenda China wanafuata mzigo. Wanashuka Guangzhou, wanazunguka masoko ya jumla, pengine wanapanda treni hadi Yiwu, kisha wanarudi uwanja wa ndege na masanduku. Wapo pia, na wanaongezeka, wanaokwenda kutembea tu. Majibu haya ni kwa wote wawili, mradi wana saa chache za kutumia nje ya ghala na hoteli.

Nina siku mbili tatu tu. Nianzie wapi?

Anza na asubuhi. Mgeni anayeamka saa nne, akala mkate na yai la hotelini, tayari amekosa kipande kitamu kuliko vyote. Mji wa China huwa wa wenyeji kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo unakuwa wa ofisi na maduka kama mji mwingine wowote.

Nenda kwenye bustani ya umma. Beijing, nenda Tiantan, ile bustani ya hekalu la mbinguni walikofanyia ibada wafalme. Majengo yanavutia, lakini mimi ningekaa zaidi na wastaafu. Huyu anafanya taiji, mazoezi ya viungo ya polepole, wale wanne wanacheza karata kwenye baraza ndefu, kundi lingine linapiga teke kitu chenye manyoya kisianguke chini. Utamwona mzee ameshika brashi ndefu kama fagio na ndoo ya maji, anaandika mashairi sakafuni. Jua likipanda maandishi yanakauka, naye anaandika mengine. Simama karibu, tabasamu, na kuna uwezekano mkubwa watakuita ucheze nao. Guangzhou, bustani ya Yuexiu ina mambo yayo hayo, na Shanghai bustani ya Renmin mwishoni mwa wiki ina kioja chake: wazazi wametandaza miavuli, juu yake wamebandika karatasi zenye umri, kimo, elimu na kazi ya watoto wao, wanatafuta wachumba. Usipige picha za karatasi zile ovyo. Ni mambo ya watu.

Ukitoka bustanini, fuata foleni ya wenyeji ya kifungua kinywa. Kaskazini utakuta jianbing: mwanamama anamwaga uji wa unga wa choroko na nafaka kwenye bamba la chuma la duara, anautandaza kwa kijiti, anapasua yai juu yake, anapaka mchuzi mzito wa soya, ananyunyizia kitunguu cha majani na kotmiri, anaweka kikaki kinachovunjika kwa kelele, anakunja, anakukabidhi. Dakika mbili hazifiki. Sehemu nyingi utapata pia maziwa ya soya ya moto na youtiao, unga mrefu uliokaangwa, ambao mtu aliyezoea maandazi hatahitaji kufundishwa kuula.

Hiyo chai ya asubuhi ya Guangzhou inayosifiwa, inaliwaje?

Wao wanaiita "kunywa chai", lakini chai ni kisingizio. Ni vyakula vidogo vidogo vya mvuke na vya kukaanga, vinaletwa kwenye vikapu vya mianzi, na watu wanakaa navyo saa mbili nzima wakisoma gazeti au wakisengenyana.

Ukikaa utaulizwa chai gani. Sema pu'er ukitaka nzito, tieguanyin ukitaka ya harufu nzuri, juhua ukitaka ya maua. Chai hulipiwa kwa kichwa, hivyo usishangae kuiona kwenye bili. Kisha utaona jambo ambalo mgeni hulitazama kwa mshangao: mzee wa meza ya pili anamimina chai ya kwanza kwenye vikombe na bakuli, anazungusha vijiti ndani yake, halafu anamwaga yote kwenye bakuli kubwa lililowekwa mezani kwa kazi hiyo. Anasuuza vyombo. Havina uchafu, ni desturi ya Waguangdong, watu wa mkoa huo, nawe suuza.

Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili mara mbili tatu. Hiyo ndiyo shukrani, na inakuwezesha kushukuru huku mdomo umejaa. Maji yakiisha kwenye birika, usipige kelele kumwita mhudumu. Sogeza kifuniko kiwe upande, akipita ataona na ataongeza.

Cha kuagiza? Anza na xiajiao: kamba ndani ya unga mwembamba unaopitisha mwanga. Changfen ni unga wa mchele uliokunjwa, laini, unamwagiwa mchuzi wa soya. Miguu ya kuku wanaiita fengzhua, inakaangwa kwanza kisha inapikwa kwa mvuke hadi ngozi inavimba na kulainika. Anayependa miguu ya kuku ya kwetu ataishangilia, na asiyependa asijilazimishe. Taotaoju, mgahawa ulioanzishwa mwaka 1880, unajulikana na kila mtu, na foleni yake inaonyesha hivyo. Ningependelea mgahawa wa mtaani wilaya ya Liwan, wenye wazee wengi na mapambo machache.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Utakula vizuri kuliko wanavyokutisha, mradi ujue mambo matatu.

La kwanza, tafuta maandishi haya: 清真. Yanasomwa qingzhen, na maana yake kwa mlaji ni halali. Mara nyingi yako kwenye kibao cha kijani. Yapige picha uweke kwenye simu. Karibu kila mji wa China una vigahawa vya tambi za kuvutwa kwa mkono, vingi vikiendeshwa na Waislamu wa kabila la Hui kutoka Gansu na Qinghai. Mpishi anachukua donge la unga, analivuta, analikunja, analivuta tena mpaka linakuwa nyuzi, mbele ya macho yako. Supu ya ng'ombe ya Lanzhou inapimwa kwa rangi: supu safi, figili nyeupe, pilipili nyekundu, kotmiri ya kijani, tambi za manjano. Bakuli moja kwenye kigahawa cha kawaida ni kati ya yuan 10 na 20 hivi. Ukiona mgahawa wa watu wa Xinjiang, ingia bila kuuliza mara mbili: wana mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba, mkate wa tanuri, na wali wa karoti na nyama ya kondoo ambao mtu wa pwani ataugundua kwa harufu kabla haujafika mezani. Ni pilau, ndugu yake wa mbali.

La pili, neno "rou", nyama, likiandikwa peke yake kwenye menyu, mara nyingi ni nguruwe. Kitimoto ndiyo nyama ya kawaida huko, haihitaji kutajwa. Na imejificha: maharage mabichi ya kukaanga hutiwa nyama ya kusaga, tofu ya mapo vilevile, zile xiajiao nilizozisifu hapo juu huchanganywa na mafuta ya nguruwe, na unga wa vikeki vya mayai mara nyingi hukandwa kwayo. Kwa hiyo, ile chai ya asubuhi ya Guangzhou, kwa Mwislamu anayejali, ni ya kutafutia mgahawa wenye kibao cha kijani. Sema "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, lakini jua kwamba mpishi anaweza kuondoa vipande vya nyama na kuacha mafuta, akaamini amekutendea haki. Kibao ni salama kuliko maelezo.

La tatu, hekalu za Kibudha mara nyingi zina mgahawa wa mboga tupu karibu yake, na hapo hakuna nyama ya aina yoyote.

Kwa swala, Guangzhou ina msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa kama mita 36, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China. Upo pia wa Xianxian, penye kaburi ambalo kwa mapokeo ni la swahaba Saad bin Abi Waqqas. Siku ya Ijumaa hapo utasikia Kiarabu, Kifaransa na Kiswahili katika safu moja. Beijing kuna msikiti wa Niujie, ulioanzishwa mwaka 996, na mitaa inayouzunguka ni ya kula mpaka ushindwe.

Nikiongeza mji mmoja nje ya Guangzhou, uwe upi?

Xi'an, hasa kwa msafiri Mwislamu. Treni ya mwendo kasi ukiipanda asubuhi, jioni umefika. Wengi wanakwenda kuona askari wa udongo waliogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, na wanastahili kuonwa. Lakini mtaa wa Wahui, nyuma ya mnara wa ngoma, ndio utakaokukalia moyoni. Msikiti Mkuu wake umejengwa kwa mtindo wa hekalu la Kichina, ua baada ya ua, na mnara wake ni ghorofa ya mbao yenye mapaa yaliyopinda ncha.

Agiza yangrou paomo. Utaletewa bakuli tupu na mikate miwili migumu, bila supu. Usidhani wamekusahau. Kazi yako ni kuumega mkate kwa vidole, vipande vidogo kama punje ya soya, na wenyeji wanaweza kukaa nusu saa kwa kazi hiyo huku wanapiga soga. Ukimaliza, mhudumu anachukua bakuli lako na kibandiko chenye namba ili lisichanganywe na la mwenzako, jikoni wanamwaga supu ya kondoo iliyochemka usiku kucha, tambi za kioo na nyama, linarudi kwako na kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye siki tamu. Ukimega vipande vikubwa, mkate hautanyonya supu na mpishi atajua wewe ni mgeni. Wenye haraka wanaruhusiwa kumegewa kwa mashine. Mimi sikushauri.

Mtaa mkuu wenyewe umejaa watalii, mishikaki ya bei ya juu na kelele za wauzaji. Kata kona kuingia vichochoro vya pembeni.

Sijui hata neno moja la Kichina. Nitaagizaje?

Kwa kidole na kwa kamera. Programu za kutafsiri husoma menyu kwa kamera ya simu. Tafsiri zitakuchekesha lakini utajua lipi ni samaki na lipi ni ini. Migahawa mingi haina menyu ya karatasi: kuna msimbo wa QR umebandikwa mezani, unauskani, picha zinatokea, unachagua na kulipa humo humo. Ukishindwa, onyesha sahani ya jirani. Hakuna anayekasirika.

Jifunze namba za vidole. Moja hadi tano ni kama zetu. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho vimenyooshwa, vingine vimekunjwa. Nane ni gumba na shahada, kama mtoto anayecheza bastola. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vilivyopishana. Anayeonyeshwa nane akadhani ni mbili atagombana na muuzaji bure.

Zingatia pia saa zao. Chakula cha mchana ni saa tano na nusu hadi saa saba, cha jioni ni kuanzia saa kumi na moja na nusu. Ukiingia kigahawa kidogo saa tisa alasiri utamkuta mpishi amelala juu ya viti.

Pesa taslimu zinapokelewa? Nitoe bakshishi?

Taslimu ni halali kisheria na haipaswi kukataliwa, lakini muuza jianbing anaweza kukosa chenji kwa sababu hajashika noti tangu juzi. Kabla ya kuondoka nyumbani pakua Alipay na WeChat, programu za simu wanazolipia huko, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard. Kwa kadi ya kigeni kwenye Alipay, malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Zaidi ya hapo wanakata asilimia 3. Iambie benki yako mapema kwamba kadi itatumika China, la sivyo wataifunga siku unayoihitaji. Beba yuan mia chache mfukoni kwa dharura.

Bakshishi hakuna. Ukiacha noti mezani, mhudumu anaweza kukukimbiza barabarani akurudishie.

WhatsApp inafanya kazi?

Kwa intaneti ya huko, hapana. Wala Google, Facebook, Instagram na YouTube. Laini ya nyumbani yenye huduma ya kutumika nje, au eSIM ya wasafiri iliyonunuliwa kabla, kwa kawaida hukwepa kizuizi hicho. Kwa ramani tumia Amap.

Pilipili ya Sichuan ni kali kiasi hicho?

Ukali wake si tatizo kwa mtu aliyekulia kwenye achari na pilipili mbuzi. Kinachowashangaza watu ni huajiao, punje ndogo zinazotia ganzi midomo na ulimi, halafu maji ya kunywa yanaanza kuwa na ladha ya ajabu. Inapita.

Chengdu na Chongqing, chungu cha moto mezani ndicho chakula cha kijamii. Agiza yuanyang, chungu kilichogawanywa katikati, upande mmoja mwekundu na mwingine wa supu nyeupe, ujifiche huko ukizidiwa. Ukisema "wei la", pilipili kidogo, kumbuka kwamba kidogo cha Chengdu ni kingi cha kwingine. Mchuzi mwekundu kwa kawaida ni mafuta ya ng'ombe, hivyo Mwislamu atafute wenye kibao.

Baada ya mlo nenda nyumba ya chai ya Heming katika bustani ya Renmin, Chengdu. Viti vya mianzi, kikombe chenye kifuniko, maji ya moto yanaongezwa bila mwisho. Wanapita wasafisha masikio wakigonga vyuma vyao vitoe mlio, na vijiti vyembamba mkononi. Wenyeji wanawapa masikio yao na kufumba macho kwa raha. Mimi hutazama tu.

Ni kweli wanakula mbwa, nyoka na kila kinachotembea?

Swali hili halikosi. Wachina walio wengi hawali mbwa, na vijana wengi wa mjini wanawafuga na kuwavisha viatu. Sehemu chache bado wanakula, Yulin mkoani Guangxi ikiwa maarufu kwa sifa hiyo. Shenzhen ilipiga marufuku kula mbwa na paka mwaka 2020, na mwaka huo huo serikali kuu ilikataza kula wanyamapori. Nge wa kwenye vijiti ni biashara ya watalii. Utakachokutana nacho kwa kweli ni utumbo, shingo za bata, damu iliyoganda na vichwa vya samaki, na watu waliolelewa kwa supu ya utumbo na kongoro hawana haja ya kukunja pua.

Nikialikwa kwenye meza ya duara, nifanyeje?

Kaa unapooneshwa, kiti kinachotazama mlango ni cha mwenye heshima zaidi. Meza inazunguka, chukua kidogo kilicho mbele yako, subiri zamu, usiizungushe mwenzako akiwa anachota. Mwenyeji atakuwekea vipande kwenye bakuli lako, tena vile vizuri. Ukimaliza kila kitu ataongeza, basi bakiza kidogo ukishiba. Usichomeke vijiti wima kwenye wali, maana vinafanana na ubani wa kuwafukizia marehemu. Kuvuta tambi kwa sauti ni ruksa. Chakula cha kushikwa mkono, kama kamba wa mtoni wa pilipili, kinakuja na glavu za plastiki.

Pombe? Watasema "ganbei", yaani maliza kikombe, na baijiu, pombe yao ya asili, ni kali sana. Asiyekunywa ainue kikombe cha chai na kusema "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe, msemo wanaoujua na kuuheshimu. Ukigonganisha na mkubwa wako, shusha ukingo wa kikombe chako chini ya chake. Bili watagombania kuilipa kwa kuvutana mikono hadi kaunta. Usiingilie ugomvi huo siku ya kwanza. Alika wewe siku nyingine.

Watu wananikodolea macho na kunipiga picha. Nifanye nini?

Guangzhou wamezoea kuona Waafrika. Mtaa wa Xiaobei umejaa wafanyabiashara wetu, na ukitamani wali na samaki wa kupaka harufu ya nyumbani hutakosa pa kuuliza. Miji ya ndani ni tofauti. Watoto watakuonyesha kidole, bibi atataka kugusa nywele zako, kijana atajifanya anapiga picha ukuta. Mara nyingi ni udadisi mtupu. Lakini si lazima uvumilie kila kitu: "bu yao", sitaki, kwa sauti tulivu na mkono ulionyanyuliwa vinatosha. Anayeomba picha kwa adabu, mimi humwomba anionyeshe mgahawa anaokula yeye. Nimekula vizuri sana kwa njia hiyo.

Ubaguzi upo pia, kama teksi inayopita bila kusimama au hoteli ndogo inayodai imejaa. Kwa hoteli, hakikisha kabla ya kulipa kwamba wanapokea wageni wa kigeni, kwa sababu ndio wanaokusajili polisi. Ukilala kwa rafiki, jisajilini wenyewe kituoni ndani ya saa 24.

Kuna mahali pa kuona historia inayotugusa sisi?

Quanzhou, mkoani Fujian, na watalii wetu karibu wote wanaipita. Ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya Bahari ya Hindi. Msikiti wake wa Qingjing ni wa mwaka 1009, kuta za mawe zimebaki, na jumba la makumbusho ya bahari lina mawe ya makaburi yaliyochongwa Kiarabu. Mji uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Vigae vya kauri vya Kichina vilivyookotwa Kilwa na Gedi vilisafiri kwenye mkondo huo wa biashara. Nanjing kuna bustani palipokuwa na karakana ya meli za Zheng He, amiri Mwislamu wa Yunnan ambaye misafara yake saba, kati ya 1405 na 1433, ilifika hadi Malindi. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, na watu wa ikulu walimwona kama mnyama wa hadithi.

Miezi gani nikwepe?

Wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari. Oktoba nchi nzima iko safarini. Mwaka mpya vigahawa vidogo vinafungwa na wapishi wamerudi vijijini. Kumbuka pia kwamba jumba la kifalme la Beijing hufungwa Jumatatu nyingi, na tiketi hukatwa mapema kwa namba ya pasipoti.

Wasichana wawili wanaojua Kiingereza wamenialika tukanywe chai ya asili. Niende?

Hapana. Hasa wakikukuta Wangfujing, Beijing, au barabara ya Nanjing, Shanghai. Chai itakuwa ya kawaida, bili itakuwa ya kutisha, na mlangoni kutakuwa na mwanamume aliyesimama.

Na nikialikwa nyumbani kwa mtu kweli?

Nenda, ni nadra, na ni heshima kubwa. Vua viatu mlangoni, utapewa ndala. Peleka matunda mazuri, au kitu cha kwenu: kahawa ya Kilimanjaro, korosho, viungo vya Zanzibar. Usipeleke saa ya ukutani, inahusishwa na msiba. Toa zawadi kwa mikono miwili, na usisikitike wakiiweka pembeni bila kuifungua, wataifungua ukishaondoka. Utapewa maji ya moto ya kunywa hata kama ni Julai. Yanywe tu.